Maporomoko Ambayo Baba Hakuyaona

Baba yangu alifika kila mahali pazuri pa nchi yetu kabla ya uhuru, lakini hakuna mahali alipopaona. Alikuwa mpishi wa jumba la wageni lililokuwa kando ya ziwa, pale Uvira. Wazungu waliovuka kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, siku za Jumapili walipotaka kutembezwa, yeye alipakiwa nyuma ya gari pamoja na vikapu, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Wakifika, wageni waliteremka kwenda kutazama. Baba aliwasha moto. Alitazama moto, alitazama vitunguu visiungue, aliyapa mgongo maji na milima, kwa sababu upepo wa ziwa lazima uzuiwe na mwili wa mtu ili moto ushike. Wageni walirudi, wakala, wakasifu kuku, wakapanda gari. Na baba alirudi kwetu mtaani Rugenge jioni akinuka moshi, nasi watoto tukimuuliza ameona nini, alituambia habari za mchuzi.

Mwaka wa uhuru wageni wengi waliondoka, na jumba likafungwa. Watu wa mtaani walicheza ngoma siku kadhaa. Baba hakucheza. Jumapili iliyofuata, tulipotoka misani, alivaa viatu alivyoachiwa na mgeni mmoja, virefu kuliko miguu yake hata ncha zikawa zimepinda juu, akasema sasa tunakwenda kuangalia.

Mama alimuuliza tunaenda fasi gani.

"Kavimvira. Kuangalia maji ya moto."

"Kuangalia maji?" Mama alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. "Minye nachota maji kila siku, sijaonaka muntu anakuja kuniangalia. Weye nenda. Ukiona maji mapya uniletee kidogo mu kikombe."

Basi nilikwenda mimi, binti wake wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tulitembea hadi pale ambapo ardhi inatoa mvuke na kunuka kama mayai mabovu. Baba alikuwa amebeba mayai kwa mazoea ya kazi. Aliyatia katika kikapu, akakizamisha majini, kisha akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, kwamba alikuwa hajui wageni husimama namna gani wakitazama, kwa maana yeye siku zote alikuwa ameinama. Mwishowe aliifunga mikono nyuma ya mgongo. Kulikuwa na mwanamke mzee aliyeloweka miguu yake iliyovimba. Alituuliza tumeleta ugonjwa gani. Baba akamjibu kwamba hatuna ugonjwa, tumekuja kuangalia tu. Yule mzee alimtazama kwa huruma.

"Basi iko mu kichwa," alisema. "Uingie na kichwa."

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Ninapoikumbuka miaka ile naona kwamba tulicheka kidogo sana, na kwamba karibu kicheko chote kilikuwa cha Jumapili.

Tuliendelea hivyo. Tulikwenda mdomo wa Ruzizi, mahali mto wa rangi ya udongo unapoingia ziwani na kukataa kuchanganyika, ukaenda mbali ndani ya buluu kama njia iliyochongwa. Tulikwenda nyuma ya bandari ya Kalundu, kwenye mawe makubwa meusi ambako wavuvi huanika ndagala, visamaki vya ziwani, na harufu yao hushika nywele siku mbili. Hakuna aliyetuita watalii. Watu walidhani tumepoteza mbuzi, na wengine, kwa wema, walitusaidia kumtafuta.

Lakini nchi ilikuwa inaharibika, na sisi tuliipima kwa Jumapili zetu. Kwanza mabasi yalikoma. Kisha maziwa na siagi kutoka Mulenge hayakushuka tena, kwa sababu wenye ng'ombe waliogopa barabara. Mara ya tatu tulipokwenda mdomo wa Ruzizi, askari wawili walitoka kwenye matete wakatuuliza tunaangalia nini.

"Viboko, shefu," baba alijibu.

"Viboko ya nani?"

 Walimkalisha baba juani, kofia mkononi, mpaka mchana ukapinduka. Tangu siku ile hatukwenda tena mahali palipokuwa na barabara.

Mahali pazuri kuliko pote hatukupagundua mimi na baba. Alipagundua mama, aliyekuwa akitucheka. Yeye ni mtu wa milimani, juu ya mji, na mwaka ule alipanda kwenda kwenye kilio cha ndugu yake akanichukua. Mvua ilitukuta njiani. Badala ya kukimbilia nyumba za watu, aliniongoza kando ya kijito hadi kwenye ukuta wa mwamba ambapo maji yalianguka kutoka juu sana, membamba, meupe, yakipeperuka kabla ya kufika chini. Nyuma ya maji palikuwa na pango kavu, refu kama darasa. Alikuwa amechezea pale utotoni. Tulikaa ndani tukiitazama dunia kupitia pazia la maji, na ziwa lote likiwa chini, la kijivu, na Usumbura ng'ambo kama chumvi iliyomwagika. Nilimuuliza mama kwa nini hakuwahi kutuambia. Alisema hakujua kwamba hilo ni jambo la kuambiana.

Siku ile ndipo nilipojifunza habari ya matawi. Mama mdogo alikuwa akitufuata nyuma na mizigo. Kila tulipofika njia panda, mama alikata tawi bichi akalilaza kuikinga ile njia ambayo hatukuipita. Ni desturi ya watu wake: anayekuja nyuma akiona tawi anajua kwamba huku hawakwenda. Tawi halivukwi, hata na mtoto. Kulivuka ni kuwaambia waliotangulia kwamba ni waongo.

Baba aliifahamu desturi hiyo vizuri kuliko wengi wetu. Yeye ni mzaliwa wa kusini, pwani ya Fizi, na alipokuja kuposa wakwe walimwacha chini ya mlima makusudi, wakapanda mbele wakiweka matawi, waone kama atafika. Alifika jioni, ametapakaa matope, bila kukosea hata mara moja. Walimcheka kwa upendo miaka yote. Lakini mtu aliyefundishwa jambo ukubwani hulishika kuliko aliyezaliwa nalo. Mjomba wangu angeona tawi, angeinama kutazama kama nyasi ng'ambo yake zimekanyagwa. Baba aliliamini tawi, basi.

Tuliporudi tulimweleza. Kuanzia hapo hakuniacha. Wakati wa chakula aliniuliza maji yale yanaanguka kwa sauti gani, ni kama mvua juu ya bati au kama mafuta yakikaangia samaki. Magoti yake yalikuwa yameharibiwa na sakafu ya saruji ya jikoni, hakuweza kupanda mbali. Kila mara alisema atafika tu, kiangazi kikija, magoti yakipoa. Mama alimwambia asihofu, maji hayana pa kwenda. Viangazi vilikuja, vikapita.

Kisha waasi waliuteka mji. Sitaki kuandika yote. Jumba la wageni lilifunguliwa tena, na mkubwa wao mmoja akaishi humo. Walikuja kumchukua baba nyumbani: aliyewapikia Wazungu achague kufa au kuwapikia na wao. Akawasha moto uleule, kwenye jiko lilelile. Miezi ilipita namna hiyo. Halafu ikavuma kwamba jeshi linarudi, na tulisikia ndege zikiruka juu ya bonde. Kila mtu alijua jeshi litamfanyia nini aliyewapikia waasi. Na waasi nao walianza kuwaua waliodhaniwa kulingoja jeshi. Mpishi hakuwa na upande wa kukimbilia, ila juu.

Asubuhi moja baba alimwambia mama achukue watoto wapande kwenye pango. Mama alitaka twende naye papo hapo.

"Nikitoroka mbele ya chakula, watanitafuta, na watawafikia nyinyi njiani," alisema. "Nitawapikia leo. Watu bakishiba, habamutafute mupishi. Kesho asubuhi niko kwenu."

"Njia hauijue."

"Muniwekee matawi. Minye ni mukwe wenu, matawi yenu nayajua kuliko nyinyi." Kisha alinigeukia. "Nitafika kwa yale maji yenu. Hata kama magoti haitaki."

Tulipanda: mama na mtoto mgongoni, wadogo zangu wawili na sufuria, mimi wa mwisho na panga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kazi yangu ilikuwa matawi. Njia panda zilikuwa nne, na kwenye kila moja nilikata tawi, nikalilaza vizuri, na kulikandamiza kwa jiwe ili upepo usilichukue. Ya nne ilikuwa karibu na pango: njia yetu ilikwenda kushoto kando ya kijito, na nyingine ilikwenda kulia, ikazunguka mlima kuelekea kaskazini. Wanaosema waliifuata hadi mwisho husema inashuka kwenye bonde la Ruzizi, na ukitembea siku mbili unafika Katogota. Niliilazia tawi la mwisho.

Kesho yake asubuhi mama alinituma kuni. Nilikuwa karibu na njia panda ile ya nne nilipowaona chini, kwenye mgongo wa kilima, watu wakipanda kwa mstari mmoja, na jua likiwaka kwenye bunduki zao. Nilihesabu vichwa vitano, nikashindwa kuendelea. Hata leo sijui walikuwa wa upande gani. Sikufikiri. Niliuondoa mkono wangu kwenye kuni, nikaliinua tawi kutoka njia ya kulia, nikalilaza kwenye njia ya kushoto, njia yetu, na jiwe juu yake. Kisha nikakimbia pangoni.

Wao hawakuwa watu wa kwetu. Walizungumza lugha ya mbali. Kwao tawi lilikuwa tawi, takataka ya njiani, na wakalivuka kama mnavyovuka ninyi tawi lolote. Muda si mrefu walikuwa wamesimama mbele ya pango. Mama alitukumbatia sote chini, viganja vyake vikiwa juu ya midomo yetu. Mmoja wao, kijana, aliweka bunduki juu ya mwamba akaingiza kichwa kwenye maporomoko, akabaki humo kitambo, kisha akarudi nyuma kuyatazama yalivyoanguka. Alifunga mikono nyuma ya mgongo. Walituona, wakachukua sufuria yetu ya maharagwe na blanketi, wakaondoka kupanda juu. Hawakutugusa. Kwa muda mrefu mama hakuondoa mikono yake. Kila nilipojaribu kuinuka alinikandamiza, akanong'ona kwamba labda wanarudi. Mimi nilikuwa nawaza tawi tu. Sikuweza kumwambia, kwa sababu ningelazimika kumwambia nilichofanya.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama aliponiachia. Nilishuka nikikimbia. Tawi lilikuwa pale, limeikinga njia yetu, majani yamekanyagwa na viatu vya wale watu. Na kwenye njia ya kulia, kwenye tope laini, palikuwa na nyayo za mtu mmoja. Zilikuwa ndefu, zenye ncha isiyogusa ardhi. Alikuwa amesimama kidogo mbele ya tawi; nyayo zilikuwa nyingi pale, za mtu aliyegeuka huku na huku. Kisha zilikwenda kulia. Kutoka pale, mtu akitulia, anasikia maji yakianguka. Lazima aliyasikia.

Niliifuata njia ile nikiita. Niliita baba mara nyingi, halafu nikaogopa sauti yangu. Njia ilizunguka mlima, nyayo zikapotea kwenye mawe. Nilirudi. Nililiondoa tawi kwenye njia yetu nikalirudisha mahali pake, nikarudi pangoni na mzigo wa kuni, nikasema sikuona mtu.

Tulikaa pale siku kumi na moja. Tuliposhuka, mji ulikuwa mkononi mwa jeshi, na nyumba yetu haikuwa na mlango. Jirani alitueleza kwamba baba aliondoka jumba la wageni jioni ile baada ya chakula, kama alivyosema, na hakuna aliyemfuata. Zaidi ya hapo hakujua. Mama aliamini kwamba alikuta njia ya mlimani imefungwa na watu wenye bunduki, akageukia ziwa. Aliliamini hilo kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia sikuona mtu.

Hivyo akaanza kumtafuta ziwani. Kila siku ya soko alikwenda Kalundu na kusimama pale mitumbwi inapofika kutoka ng'ambo, akiwauliza wanaoshuka. Alikuwa na namna yake ya kuuliza: mwanaume mfupi, mpishi, magoti yanauma, anaongea kama watu wa Fizi. Wengine walimpa jibu la kumpendeza, kwamba yuko mtu kama huyo anapika kwenye misheni fulani, na mama alikwenda huko akarudi na midomo mikavu. Wadogo zangu walikua. Mimi nilianza kuandika, na kusoma maandishi yangu mbele ya wenzangu katika vyumba vya nyuma vya misheni. Walisema ninaandika vizuri juu ya milima. Nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta mama anasugua matope ya Kalundu kwenye visigino vyake. Yeye aliyekuwa amemtafuta baba miaka yote hiyo upande ambao baba hakwenda alikuwa ananipakulia chakula.

Mwaka huu alipata mtu wa kumvusha. Aliamua atakwenda kukaa Usumbura kwa binamu yake, miezi hata mwaka, apite misheni moja moja. Alikuwa ameshafunga kitenge chake cha safari. Asubuhi moja kabla ya siku ya kuondoka tulikuwa tumekaa uani tukichambua ndagala, tukitoa mchanga na vijiti. Nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, kwa maana nilikuwa nimeyatayarisha mengi na yote yakanikimbia: kwamba nililihamisha tawi, kwamba aliyefika ni baba, kwamba nyayo zake nilizijua.

Mama aliendelea kuchambua. Alimaliza lile fungu, akalisogeza, akavuta jingine.  Kisha aliuliza, bila kuinua macho:

"Viatu ilikuwa inaangalia wapi?"

"Kulia. Njia ya kuzunguka mulima."

"Ilikuwa inakimbia?"

"Hapana. Ilikuwa inatembea polepole."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea bei. Alifunika ndagala, akanawa mikono, akaingia ndani. Nilimsikia anafungua kitenge cha safari. Alipotoka alikuwa amevaa nguo za shamba na ameshika fimbo. Alisema twende.

Tulipanda. Mama amezeeka, tulipumzika mara nyingi, na kila tulipopumzika alikaa akinipa ubavu. Tulipofika njia panda ya nne hakutazama chini. Hakwenda pangoni pia, ingawa maji yalisikika. Alipita kulia, mbele yangu, na mimi nikamfuata.

Sikuwa nimewahi kwenda mbali katika njia ile. Inazunguka bega la mlima, halafu ziwa linapotea na badala yake linafunguka bonde lote, mashamba ya pamba yaliyoachwa, mto ukijikunja kama utumbo, moshi wa vijiji, na milima ya Burundi upande wa pili. Ni mahali pazuri ambapo hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha. Mama alisimama, akatazama muda mrefu. Sikuthubutu kusimama karibu naye.

Mbele kidogo tulikuta njia panda nyingine. Njia moja ilishuka moja kwa moja bondeni, nyingine ilikwenda tambarare kwenye nyumba chache zenye migomba. Hapakuwa na tawi lolote, wala siku ile halikuwapo, kwa kuwa hatukufika huku.

"Weye ulimufungia ile moja," mama alisema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu uani. "Kufika hapa aliona hakuna tawi, na hatuko. Angerudi nyuma. Hakurudi. Hapa alichagua yeye mwenyewe."

Nilingoja aseme zaidi, aseme kama ananisamehe au hanisamehe. Sauti yake haikuwa na joto wala baridi. Alikuwa anapima zile njia mbili kwa macho, moja baada ya nyingine, kama mke anayejua mwili wa mumewe.

"Mutelemuko hangeweza," alisema. "Magoti."

Akashika njia ya tambarare. Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke alikuwa anatwanga muhogo, na alipotuona alisimamisha mchi. Mama alimsalimia, akamuuliza habari za watoto na za shamba, akakubali kiti alichopewa. Mimi nilibaki nimesimama nje ya ua. Kisha nilimsikia anaanza kuuliza, kwa sauti ileile ya Kalundu: mwanaume mufupi, mupishi, magoti inauma, anaongea sawa bantu ba Fizi. Mwanamke aliweka mchi chini. Alisema ni miaka mingi, wakati ule yeye alikuwa hajaolewa hapa, amwite mama mkwe wake aliye shambani. Mama akasema atamngoja.